Paa Bapa Katikati ya Nyika: Hatima ya Majengo ya Miaka ya 1950 Katika Hifadhi za Taifa za Marekani

Kati ya mwaka 1956 na 1966 hifadhi za taifa za Marekani zilipata majengo mapya kwa kasi ambayo hazijawahi kuiona tena. Barabara zilitandazwa, mabomba ya maji safi na maji taka yakalazwa, nyumba zaidi ya elfu moja za wafanyakazi zikainuliwa, na vituo vya wageni zaidi ya mia moja vikafunguliwa. Mpango huo uliitwa Mission 66, kwa sababu ulipangwa kukamilika mwaka 1966, Idara ya Hifadhi za Taifa itakapotimiza miaka 50. Uligharimu takriban dola bilioni moja za wakati ule. Majengo yake yalitambulika kwa mbali: paa bapa, kuta za kioo, nguzo nyembamba za chuma, zege lililoachwa wazi bila kupambwa. Leo mengi yamepita miaka 60. Yapo yanayopokea wageni kila siku, na yapo yaliyofungwa na kuzibwa madirisha kwa plaiwudi, yakisubiri uamuzi: yabomolewe, au yatafutiwe kazi ya kufanya?

Kabla ya hapo hifadhi zilikuwa na namna yao ya kujenga. Tangu Idara ilipoundwa Agosti 1916, wasanifu wake walishika imani kwamba jengo la hifadhini linapaswa kufanana na mlima na msitu ulio jirani. Walitumia magogo mazima, mawe makubwa yaliyochongwa kidogo tu, na mapaa yenye mteremko mkali. Ujenzi huo ulitaka mikono mingi. Miaka ya 1930, uchumi ulipoanguka, serikali ya Rais Franklin Roosevelt iliwakusanya vijana wasio na kazi katika kikosi kilichoitwa Civilian Conservation Corps, na hao ndio waliobeba mawe na kuchonga magogo kwa ujira mdogo. Kikosi kilivunjwa mwaka 1942, nchi ikiwa vitani. Vita vilipokwisha, mikono hiyo haikuwepo tena. Fundi wa kuchonga jiwe alikuwa ghali, ilhali chuma, zege na kioo vilikuwa vimeenea kila mahali.

Wageni nao hawakungoja. Kila familia iliyopata gari ilitaka kwenda kuona mabonde na milima iliyosimuliwa shuleni. Hifadhi zilizotayarishwa kwa ajili ya watu wapatao milioni 25 kwa mwaka zilikuwa, kufikia mwaka 1955, zinapokea mara mbili ya idadi hiyo. Vyoo vilifurika, barabara zikachimbika, walinzi wakaishi kwenye vibanda. Mwaka 1953 mwandishi Bernard DeVoto aliandika katika jarida la Harper's kwamba, kama Bunge halitaki kutoa fedha za kuzitunza hifadhi, basi na zifungwe. Mkurugenzi wa Idara, Conrad Wirth, aliona kwamba kuomba fedha kidogo kidogo kila mwaka hakutafika popote. Akaandaa mpango mmoja wa miaka kumi na kuupeleka kwa Rais Dwight Eisenhower, naye akaukubali mwanzoni mwa 1956. Makadirio yalikuwa kwamba wageni wangefika milioni 80 mwaka 1966. Mwaka ulipofika, walikuwa wamepita milioni 100.

Kitu kipya zaidi katika mpango huo kilikuwa kituo cha wageni chenyewe. Awali mgeni alipata ramani ofisi hii, akaona maonyesho kwenye jumba jingine, akauliza njia kwa mlinzi aliyekutana naye. Mission 66 iliyaweka yote chini ya paa moja. Mtu anaegesha gari, anaingia, anakuta meza ya maelezo na vyoo, anapita kwenye maonyesho, anatazama filamu fupi, kisha anatokea upande wa pili kwenye baraza au ukuta mzima wa kioo, na mbele yake kuna kile alichokuja kukiona. Jengo liliwekwa chini, limejilaza, ili lisishindane na mandhari. Msanifu Cecil Doty, aliyechora vingi vya vituo hivyo, ndiye aliyekuwa miaka ya 1930 amebuni ofisi ya Idara huko Santa Fe kwa matofali ya udongo na boriti za mbao. Kwake yeye kubadili mtindo kulikuwa kukubali kwamba kazi imebadilika: kuhudumia maelfu ya watu kwa siku ni jambo tofauti kabisa na kuhudumia mamia. Pamoja na wasanifu wake wa ndani, Idara iliwaita pia watu mashuhuri wa nje, miongoni mwao Richard Neutra, mzaliwa wa Vienna aliyejenga jina lake California.

Jinsi majengo hayo yalivyoanza kuachwa matupu ni hadithi yenye sababu kadhaa zilizokutana. Ya kwanza ni ya kiufundi. Paa bapa lina adabu zake: mifereji isiposafishwa, maji husimama, hupenya, na huanza kuoza kila kilicho chini. Kioo cha tabaka moja huruhusu joto kuingia wakati wa kiangazi na kutoka wakati wa baridi, na gharama ya kupasha moto jengo la namna hiyo ilipanda pamoja na bei ya mafuta. Vigae vya sakafu na vifaa vya kuzuia joto vya enzi ile mara nyingi vilikuwa na asbestosi, kwa hiyo hata kung'oa kigae kimoja kunahitaji mafundi wenye mavazi maalumu. Kwenye Mlima Rainier, jimboni Washington, kituo cha Paradise kilichofunguliwa mwaka 1966 kilikuwa na paa la duara lililofanana na sahani. Eneo lenyewe ni miongoni mwa yanayopata theluji nyingi zaidi Marekani, na paa hilo lililazimika kupashwa moto ili theluji iyeyuke. Mwaka 2008 kilifunguliwa kituo kipya chenye paa la mteremko mkali, na kile cha zamani kikabomolewa. Katika hilo ni vigumu kuilaumu Idara. Jengo linalopigana na mahali lilipo halina hoja nzito ya kujitetea.

Sababu nyingine hazikutokana na fundi wala kifaa. Wageni waliongezeka hata vituo vikawa vidogo. Sheria za kuwafikiria wenye viti vya magurudumu zilikuja baada ya ngazi kuwa zimekwisha kumwagwa zege. Wafanyakazi wengi walianza kuishi mijini na kuendesha gari kwenda kazini, nyumba za ndani ya hifadhi zikabaki bila wakazi. Na fikra kuhusu mahali pa kujenga iligeuka kabisa. Mission 66 ilipenda kumfikisha mgeni mlangoni mwa kivutio. Kizazi kilichofuata kiliona kwamba jengo na maegesho yake vinaharibu kile kile watu walichokuja kukitazama, kikataka yahamishiwe pembeni. Juu ya yote hayo palikuwa na suala la ladha. Kibanda cha magogo kilipendwa na kila mtu. Sanduku la zege la mwaka 1960, kwa macho ya mwaka 1990, halikuwa la kale kiasi cha kuheshimiwa wala jipya kiasi cha kuvutia. Majengo hufa zaidi katika umri huo kuliko katika umri mwingine wowote.

Sheria yenyewe huyaacha wazi katika kipindi hicho. Mwaka 1966, mwaka ule ule Mission 66 ilipomalizika, Bunge lilipitisha Sheria ya Taifa ya Uhifadhi wa Historia. Ilianzisha Rejesta ya Taifa ya Maeneo ya Kihistoria, na kifungu chake cha 106 kinaitaka taasisi yoyote ya serikali kuu, kabla ya kubomoa au kubadili kitu cha kihistoria, ichunguze athari zake na kushauriana na wahusika. Lakini kwa kawaida jengo halihesabiwi kuwa la kihistoria mpaka litimize miaka 50, isipokuwa lionyeshe umuhimu wa kipekee. Majengo ya Mission 66 yalianza kuvuka mstari huo mwaka 2006 hivi, na kufikia hapo baadhi yalikuwa yamekwisha kuandikiwa kubomolewa. Tena kifungu cha 106 hakikatazi ubomoaji. Kinadai tu mtu afikiri kwanza, na aonyeshe kwamba amefikiri.

Hakuna mahali palipodhihirisha hilo kama Gettysburg, jimboni Pennsylvania, uwanja wa pigano la Julai 1863 la vita vya wenyewe kwa wenyewe, ambao nao uko chini ya Idara ya Hifadhi. Neutra na mshirika wake Robert Alexander walijenga hapo jumba la duara la zege kwa ajili ya kuhifadhi mchoro mkubwa wa kuzunguka uliochorwa na Mfaransa Paul Philippoteaux miaka ya 1880. Mtazamaji husimama katikati na kuona vita vikimzunguka pande zote. Jumba lilizinduliwa tarehe 19 Novemba 1962, siku ya kumbukumbu ya hotuba ya Rais Abraham Lincoln katika makaburi ya hapo. Neutra aliliona kuwa ukumbi wa Lincoln kuliko kuwa nyumba ya mchoro: aliweka milango mikubwa ya kuteleza, ili mzungumzaji aweze kuwahutubia watu walio ndani na walio nje kwa pamoja. Tatizo lilikuwa kiwanja. Jumba lilisimama juu ya ukingo ambako majeshi ya Muungano, yaani ya upande wa Lincoln, yalijipanga kuzuia shambulio la siku ya mwisho. Idara ilipoamua kuurudisha uwanja katika sura ya 1863, jumba likawa kizuizi.

Mabishano yalichukua zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1998 ilithibitishwa rasmi kwamba jengo linastahili kuingizwa katika Rejesta ya Taifa. Hata hivyo mpango wa hifadhi wa mwaka uliofuata ulichagua kulibomoa. Mchoro ulihamishiwa kituo kipya kilichofunguliwa mwaka 2008, jumba likabaki kama ganda. Watetezi wake, akiwemo Dion Neutra, mwana wa msanifu, walikwenda mahakamani, na mwaka 2010 jaji akaona kwamba Idara haikuchunguza ipasavyo njia mbadala. Idara ikachunguza, ikarudi kwenye uamuzi ule ule, na Machi 2013 mashine zikaliangusha. Waliotaka kulihifadhi walikuwa na hoja ya usanifu isiyopingika. Walichokosa ni kazi ya jengo. Tangu siku mchoro ulipotoka, hapakuwa na mtu aliyekuwa na sababu ya kuingia humo kila asubuhi, na kila mwezi uliopita maji yaliendelea kuvuja na bei ya kulitengeneza kupanda.

Maana jengo tupu huharibika kwa kasi ambayo watu wengi hawaitegemei. Penye mtu, tone la maji darini huonekana siku hiyo hiyo na ndoo ikawekwa. Pasipo mtu, tone hulainisha dari, dari huanguka, ukungu hupanda ukutani, panya hutafuna nyaya, na kijana mwenye jiwe mkononi hukuta kioo kisicho na mwenyewe. Ndiyo maana Idara yenyewe imetoa mwongozo wa kulilaza jengo lisilotumika. Kwanza hupigwa picha na kuchorwa lilivyo. Kisha huimarishwa sehemu dhaifu, hufukuzwa wadudu na wanyama, huzimwa maji na umeme usiohitajika, na huzibwa milango na madirisha kwa namna inayoacha hewa kupita, kwa sababu jengo lililozibwa kabisa hutoa jasho ndani na kujiozesha. Mwisho hupangwa mtu wa kulikagua kwa ratiba. Hatua hizo hununua muda. Hazilipatii jengo mwenyeji.

Hali ilikuwa tofauti mpakani mwa Utah na Colorado, katika eneo la hifadhi liitwalo Dinosaur. Mwaka 1909 Earl Douglass, aliyekuwa akitafuta visukuku kwa niaba ya jumba la makumbusho la Carnegie la Pittsburgh, aliona mifupa ya mkia wa dinosaria imechomoza juu ya mwamba. Tabaka hilo la mchanga uliogeuka jiwe, lenye umri wa miaka milioni 150 hivi, limeinuliwa na nguvu za ardhi hata likasimama kama ukuta. Yalitokea mawazo ya kuiacha baadhi ya mifupa palepale ilipo na kujenga jengo juu yake, na mwaka 1958 ndoto hiyo ilitimia kwa mikono ya kampuni ya wasanifu Anshen na Allen ya San Francisco. Ukuta mmoja wa jengo ni mwamba wenyewe. Pande zilizobaki ni chuma na kioo, na paa lake limekunjwa katikati kama mbawa za kipepeo. Pembeni palikuwa na mnara mfupi wa duara wenye ofisi, na njia ya mzunguko ya kumpandisha mgeni. Kwa miaka mingi wageni waliwatazama wataalamu wakichokoa mwamba kwa patasi mbele ya macho yao.

Adui alikuwa chini. Msingi uliwekwa juu ya udongo wenye bentonaiti, aina ya mfinyanzi unaovimba unaponyonya maji na kusinyaa unapokauka. Yeyote aliyejenga juu ya udongo mweusi wa mbuga anaijua tabia hiyo: mvua ikinyesha nyumba inainuka upande mmoja, jua likiwaka inashuka upande mwingine, na nyufa zinafuata. Jengo la Dinosaur lilianza kucheza tangu miaka yake ya mwanzo. Milango ilikataa kufunga, sakafu zikapanda, nguzo zikajipinda. Mwaka 2001 serikali ililitangaza kuwa Alama ya Kihistoria ya Taifa, daraja la juu kabisa la heshima ya jengo nchini humo, bila kungoja miaka 50. Mwaka 2006 likafungwa kwa sababu ya hatari.

Namna lilivyookolewa inafaa kutazamwa kwa makini. Kwanza wahusika walikubali kwamba sehemu mbili za jengo haziko katika hali moja. Ukumbi wa mifupa ungeweza kusimamishwa. Mnara wa duara ulikuwa umeharibika kupita kiasi. Mnara ulibomolewa, na huduma zake zikahamishiwa kituo kipya kilichojengwa chini ya kilima. Ukumbi ulipewa nguzo mpya zilizochimbiwa kuupita udongo unaovimba mpaka kwenye mwamba imara. Fedha zilitoka katika mfuko wa serikali wa mwaka 2009 wa kufufua uchumi. Oktoba 2011 mlango ulifunguliwa tena, na mgeni wa leo anakuta mifupa kama 1,500 ikiwa imelala ukutani, mingine karibu kiasi cha kuguswa. Wapo wanaosikitikia mnara, na wana haki, kwani usanifu wa awali ulitegemea sehemu hizo mbili kutazamana. Lakini ukumbi ulipona kwa kuwa kazi yake haikuweza kuhamishwa. Mchoro wa Gettysburg uliviringishwa na kuondoka. Mwamba haukuweza.

Njia hiyo ya kukarabati ina jina katika lugha ya kitaalamu ya Marekani. Viwango vya serikali kuu hutenganisha kulinda jengo lilivyo, kulirudisha katika sura ya wakati fulani, kulijenga upya lililokwisha kutoweka, na kulikarabati kwa matumizi mapya huku sifa zake kuu zikibaki. Kwa majengo ya Mission 66 ni hilo la mwisho linalofaa mara nyingi, kwa sababu linaruhusu kioo cha tabaka mbili, njia ya viti vya magurudumu na mitambo mipya, mradi yule anayelitazama bado alitambue. Kituo cha ukumbusho wa ndugu Wright huko North Carolina, cha mwaka 1960, kilipitia ukarabati wa namna hiyo na kufunguliwa tena mwaka 2018: maonyesho yalibadilishwa kabisa, kuba la zege likabaki.

Huko Petrified Forest, katika jangwa la kaskazini mwa Arizona, kazi ni kubwa zaidi kwa sababu kilichojengwa ni kijiji kizima. Neutra na Alexander walikikamilisha mwanzoni mwa miaka ya 1960: kituo cha wageni, ofisi, mgahawa, kituo cha mafuta, shule, na safu za nyumba za wafanyakazi. Upepo wa jangwa ni mkali, kwa hiyo kila nyumba ilipewa ua wake wenye ukuta, na majengo ya umma yakauzunguka uwanja wa ndani uliopandwa miti, kama kijiji kinavyojikunyata na kuupa upepo mgongo. Chini yake tena kuna bentonaiti. Nyufa zilitokea mapema, mapaa yakabadilishwa ovyo, wakazi wakapungua, na miaka ya 1990 uongozi ulikusudia kukibomoa chote. Uamuzi huo ulibatilishwa baadaye. Mwaka 2014 shirika la National Trust for Historic Preservation lilikichukua kuwa mojawapo ya maeneo linayoyapigania, na mwaka 2016 kikapewa hadhi ya Alama ya Kihistoria ya Taifa. Heshima hiyo hailipi fundi. Ukarabati umekwenda jengo kwa jengo, na nyumba zisizo na wakazi ndizo zinazobaki nyuma.

Kwa nyumba za namna hiyo, ambazo hakuna mgeni atakayelipa kiingilio kuziona, sheria ina mlango mwingine. Mwaka 1980 sheria ya uhifadhi ilirekebishwa, taasisi za serikali zikaruhusiwa kupangisha majengo ya kihistoria yasiyohitajika kwa kazi zao na kutumia kodi ya pango kuyatunza. Katika hifadhi za taifa mkataba wa upangaji unaweza kufika miaka 60. Mpangaji hutakiwa kulipa kodi ya thamani ya soko, lakini gharama anayoingia kulirudisha jengo katika hali nzuri huweza kuzingatiwa katika kukadiria kodi hiyo. Aliye na biashara ndani ya jengo lililo katika Rejesta anaweza pia kudai punguzo la kodi ya serikali kuu la asilimia 20 ya gharama za ukarabati uliokubalika. Serikali inabaki na umiliki. Mpangaji anapata mahali ambapo fedha peke yake zisingempatia.

Cape Cod, rasi ya mchanga inayoingia baharini kutoka Massachusetts, ndiko mlango huo ulikotumiwa vizuri kuliko kwingine. Msanifu Walter Gropius alifika kufundisha Harvard mwaka 1937, akiwa ameikimbia Ujerumani ya Hitler, na msanifu mwenzake Marcel Breuer akamfuata. Wao na wenzao, kama Serge Chermayeff, waligundua kwamba vijiji vya Wellfleet na Truro vilikuwa na viwanja vya bei ndogo katikati ya misonobari na mabwawa. Breuer alijenga nyumba yake ya mapumziko huko mwishoni mwa miaka ya 1940. Mhandisi Mhungari Paul Weidlinger alijenga yake mwaka 1953. Wenyeji waliojifunza usanifu kwa kujenga tu, kama Jack Hall, nao waliingia. Zilikuwa nyumba nyepesi, zimeinuliwa juu ya nguzo ili zisichimbe mchanga, zimepigwa mbao za bei ya chini, bila mapambo, na baraza zake zilikuwa muhimu kuliko vyumba.

Tarehe 7 Agosti 1961 Rais John Kennedy alitia saini sheria ya kuifanya pwani hiyo kuwa hifadhi ya taifa. Sheria iliweka mpaka wa tarehe: nyumba zilizoanza kujengwa kabla ya Septemba 1959 zingeweza kubaki mikononi mwa wenyewe kwa masharti. Zilizojengwa baadaye zilinunuliwa na serikali, wenyewe wakiruhusiwa kuendelea kuzitumia kwa muda wa miaka au kwa maisha yao. Miaka ilipokwisha, nyumba zikarudi serikalini moja baada ya nyingine. Idara haikuwa na haja nazo. Hazikuwa na miaka 50, hazikuwa na fungu la fedha, na kibali cha kubomoa kilikuwa rahisi kuliko mpango wa kutunza. Kufikia mwanzo wa karne hii kadhaa zilikuwa tupu, misonobari ikiziegemea.

Mwaka 2007 msanifu Peter McMahon, aliyekuwa akizichunguza nyumba hizo, aliongoza kuanzishwa kwa asasi ndogo iitwayo Cape Cod Modern House Trust. Haikuomba serikali izikarabati. Iliomba kuzipangisha. Ya kwanza ilikuwa nyumba ya Kugel na Gips, iliyosanifiwa na Charles Zehnder mwaka 1970, ambayo ilikaa bila mtu karibu muongo mzima na kuingiwa na maji. Fedha za mfuko wa uhifadhi wa mji wa Wellfleet, michango, na mafundi waliojitolea siku zao ndivyo vilivyoiinua. Zilifuata nyumba ya Hatch, ya Weidlinger na ya Kohlberg. Nne zote ni mali ya serikali, na zote zina mpangaji anayejua kila msumari wake.

Nyumba ya Hatch inaeleza vizuri kuliko maelezo kwa nini mtu ajisumbue. Jack Hall aliijenga mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya mhariri Robert Hatch na mkewe Ruth, mchoraji. Ni fremu ya mbao iliyogawanywa katika miraba sawasawa. Baadhi ya miraba imefungwa ikawa vyumba, mingine imeachwa wazi ikawa baraza, kiasi kwamba kutoka chumba cha kulala kwenda jikoni ni kupita nje, penye upepo wa ghuba. Kuta zake za kuelekea baharini ni vifuniko vya mbao vinavyoinuliwa. Mgeni anapofika anavifungua na nyumba inageuka kuwa kivuli tu. Anapoondoka anaviteremsha na inakuwa sanduku. Nyumba kama hiyo haiwezi kueleweka kwa kutazamwa nyuma ya kamba ya makumbusho. Lazima mtu alale ndani yake, aamshwe na mwanga.

Asasi imeliheshimu hilo katika namna ya kuzitumia. Wakati wa kiangazi, rasi inapojaa, nyumba hupangishwa kwa wiki, na fedha hiyo ndiyo inayonunua mbao, rangi na paa. Miezi ya pembeni, watalii wanapopungua, hukaribishwa wasanii, waandishi na watafiti kukaa na kufanya kazi humo, kama walivyokuwa wakifanya wenyeji wake wa kwanza. Hakuna ukuta wa maelezo wala taa ya kumulika kiti. Mashimo ya misumari yaliyoachwa na familia za awali hayakuzibwa yote.

Mwaka 2014 nyumba kadhaa za rasi hiyo ziliingizwa katika Rejesta ya Taifa, zikiwa zimetambuliwa kama kundi lenye historia moja. Nyumba ya Breuer mwenyewe, iliyokuwa imebaki mikononi mwa familia yake, haikuhusika na mikataba ya upangaji. Ilihitaji kununuliwa. Asasi ilichangisha fedha, na mwaka 2024 ikaipata, pamoja na msitu unaoizunguka, ambamo majivu ya Breuer na mkewe yamezikwa.